Darasa la Kipolandi Mtwara Mjini: Vivumishi Vinafundishwa Vema, Hesabu Bado

Darasa la jioni la Kipolandi linalofanyika Shangani, Mtwara Mjini, katika chumba cha nyuma cha duka la steshenari, halina bango barabarani wala tangazo redioni, na wengi wanaojiunga nalo huwa wameelekezwa na mtu aliyewahi kulipitia. Wanafunzi wake kwa jumla ni wa aina mbili: vijana waliomaliza shahada ya kwanza wanaowania ufadhili wa masomo wa NAWA, wakala wa serikali ya Poland ulioanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya kubadilishana wanafunzi na wasomi, na waongoza watalii wanaotamani kuwavuta huku kusini angalau wachache kati ya wageni wa Kipolandi ambao kwa sasa wengi wao huishia Zanzibar. Nimesoma hapo kozi ya ngazi ya kwanza hadi mwisho, na tathmini hii inahusu zaidi sehemu iliyochukua muda mwingi kuliko zote, yaani vivumishi na namna vinavyobadilika kwa uhusika, yaani kwa kazi ya nomino katika sentensi, na kwa idadi.

Sehemu hiyo nimeichagua kwa makusudi. Mtu anayetaka kuipima kozi yoyote ya Kipolandi kabla ya kutoa fedha zake, na aulize vivumishi hufundishwaje, kwa sababu kivumishi cha Kipolandi hubeba kwa mara moja mambo matatu ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sarufi ya lugha hiyo: jinsi ya nomino, umoja au wingi wake, na kazi inayofanywa na nomino hiyo katika sentensi. Kozi ya salamu, rangi na majina ya vyakula inaweza kwisha bila mwanafunzi kutambua kwamba neno alilolikariri kuwa "nowy", yaani -pya, lina sura kumi na moja.

Mwalimu wa darasa hili ni Mtanzania aliyesomea Poland, na sifa yake ya kwanza ni kwamba haanzi na jedwali. Anaanza na Kiswahili. Siku ya kwanza ya vivumishi aliandika ubaoni "kitabu kipya, vitabu vipya, jicho jipya, macho mapya, mtu mpya, watu wapya", kisha akatuuliza ni nani aliyetufundisha kuubadilisha mzizi huo kila unapokutana na nomino nyingine. Hakuna aliyekumbuka, maana hakuna aliyefundishwa. Chini yake akaandika "nowy dom" kwa nyumba mpya, "nowa książka" kwa kitabu kipya na "nowe okno" kwa dirisha jipya, na hoja ikawa imeeleweka kabla ya kuelezwa: kivumishi hufuata nomino yake, isipokuwa sisi tunabadilisha mwanzo wa neno na wao wanabadilisha mwisho. Tena wao katika umoja wana jinsi tatu tu za kuhangaika nazo, nazo mara nyingi hujitambulisha zenyewe kwa herufi ya mwisho ya nomino: konsonanti kwa jinsi ya kiume, a kwa jinsi ya kike, o au e kwa jinsi ya kati, isiyo ya kiume wala ya kike. Mtu aliyezaliwa na ngeli zetu zote hizi hana sababu ya kuogopa tatu.

Hata vighairi vina ndugu zao kwetu. Sisi tuna safi, ghali na hodari, ambavyo havibadiliki hata ukivitia mbele ya nomino gani. Wao wana "blond" na "bordo", vivumishi vya rangi vilivyotoka lugha nyingine na vikabaki kama vilivyokuja. Mkazo nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu, kwa hiyo "nowego" hutamkwa kwa mkazo kwenye -we- na mdomo wa Mswahili huliweka mahali pake bila kuelekezwa. Ninaliandika hili kwa sababu vitabu vingi vya Kipolandi vinavyopatikana kwenye intaneti vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza, ambao kivumishi chao hakibadiliki kamwe, na hivyo kurasa nyingi hutumika kuwashawishi kwamba upatanisho ni jambo la kawaida. Sisi hatuhitaji kushawishiwa. Kozi iliyotungwa kwa ajili yetu inapaswa kuupita upatanisho upesi na kuuweka muda wote uliobaki kwenye uhusika, ambao ndio mgeni kwetu, na katika hili darasa la Shangani limefaulu kuliko nilivyotarajia.

Uhusika ulifundishwa kwa samaki. Mwalimu alituomba tutunge sentensi za mtu aliyekwenda soko la samaki la Feri: samaki mbichi ameletwa, nanunua samaki mbichi, leo hakuna samaki mbichi, namtazama samaki mbichi, napika supu ya samaki mbichi, tunazungumza kuhusu samaki mbichi. Katika zote sita "samaki mbichi" hakutikisika. Kisha akazigeuza. Anayeletwa ni "świeża ryba". Anayenunuliwa ni "świeżą rybę". Asipokuwapo ni "nie ma świeżej ryby". Anayetazamwa kwa makini, kwa kitenzi "przyglądać się", ni "świeżej rybie". Supu iliyotiwa samaki huyo ni "zupa ze świeżą rybą". Na anayezungumzwa ni "o świeżej rybie". Uhusika wa saba, ule wa kuita, hauongezi kitu upande wa kivumishi, kwa kuwa hutumia sura ileile ya kiima.

Ukizitazama sentensi hizo kwa utulivu, utaona jambo ambalo vitabu vingi hulificha ndani ya majedwali yenye visanduku vingi: nomino imebadilika-badilika, lakini kivumishi cha kike katika umoja kina sura tatu tu, "świeża", "świeżą" na "świeżej", na hiyo ya tatu inatosha kwa kukosekana, kwa kupewa na kwa kuzungumziwa. Ndiyo maana mwalimu huanza na jinsi ya kike, kinyume na desturi ya vitabu vinavyoanza na ya kiume kwa kuwa kamusi huorodhesha vivumishi kwa sura hiyo. Ni uamuzi mdogo, lakini ulitupa ujasiri mapema.

Lililotuchelewesha, na ambalo naona lilistahili kutuchelewesha, ni kukanusha. Kwetu ukanushaji humalizikia kwenye kitenzi: nina samaki, sina samaki, na samaki mwenyewe haguswi. Kwa Mpolandi "mam świeżą rybę" ikikanushwa inakuwa "nie mam świeżej ryby", maana yambwa ya kitenzi kilichokanushwa huhama kutoka uhusika wa yambwa na kuingia uhusika wa umilikishi, na kivumishi huhama nayo. Mwalimu alitupitisha katika zoezi la kuuliza na kukana, kila mtu na mwenzake, mpaka mkia wa kivumishi ukawa unageuka wenyewe mara tu "nie" inapotoka mdomoni. Sijaona kitabu kinacholipa suala hili muda unaokaribia ule. Muuzaji hukana mara nyingi kuliko anavyokubali, hasa bei ikishuka.

Baada ya hapo ndipo tulipopewa jedwali, na lilikuwa fupi. Kitini hakina visanduku vya jinsi zote kwa uhusika wote. Kina mstari mmoja wenye miisho kumi na moja ya "nowy", na chini ya kila mwisho pameandikwa unafanya kazi zipi. "Nowym", kwa mfano, ni ya kiume na ya kati katika umoja, kwa uhusika wa kifaa (ule wa supu) na wa mahali (ule wa kuzungumziwa), halafu ndiyo hiyohiyo ya kupewa katika wingi wa jinsi zote. "Nowych" ni ya wingi kwa umilikishi na kwa mahali. Katika wingi, ukishatoka kwenye kiima na yambwa, tofauti ya jinsi hutoweka kabisa, na mwanafunzi aliyekata tamaa mwezi wa kwanza hupata pumziko hapo. Vivumishi ambavyo shina lake huishia kwa k au g, kama "drogi" na "wysoki", huingiza i mahali pa y au mbele ya e, na mfano uliotumika ulitufaa sana sisi wa pwani: bahari yetu ni "Ocean Indyjski", maji yake ni "woda Oceanu Indyjskiego", na Mtwara "leży nad Oceanem Indyjskim". Mfano huohuo ulifundisha pia kwamba kivumishi, ambacho kwa kawaida hutangulia nomino, hukaa nyuma yake kinapotaja aina au jina maalumu, kama ilivyo katika "język polski".

Mjadala mkali ulizuka tulipofika jinsi ya kiume. Hapa Kipolandi hutenganisha vyenye uhai na visivyo na uhai: nyumba mpya niionayo ni "nowy dom", haibadiliki na kiima, lakini mwalimu mpya nimwonaye ni "nowego nauczyciela" na mbwa mzuri nimwonaye ni "dobrego psa". Mpaka hapo tulikubali, kwa kuwa na sisi tunamweka mbwa katika ngeli ya mtu. Wingi ndio ulioharibu makubaliano. Walimu wapya ni "nowi nauczyciele" wakiwa kiima na "nowych nauczycieli" wakiwa yambwa, ilhali mbwa wazuri ni "dobre psy" katika nafasi zote mbili, sawasawa na nyumba, madirisha na vitabu. Walimu wa kike watupu nao huchukua "nowe", pamoja na mbwa na nyumba. Aingie mwanamume mmoja kati yao, kundi zima huwa "nowi".

"Mwalimu, samahani," akasema mama mmoja mfanyabiashara wa korosho anayesoma ili aweze kuzungumza na wanunuzi, "kwa hiyo mbwa akiwa mmoja ni mwenzetu, wakiwa wawili ni vyombo?"

"Ndivyo, mama."

"Na sisi wanawake?"

"Mama yangu, sikuitunga mimi."

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki, na nampongeza mwalimu kwa kutolikimbia. Alieleza kwamba wingi wa Kipolandi una makundi mawili tu, lile la watu wenye mwanamume ndani yake na lile la kila kitu kingine, na kwamba anayeandika barua rasmi hukutana na kundi la kwanza tangu mstari wa juu kabisa: barua za vyuo vikuu huanza kwa "Szanowni Państwo" zikiwahutubia wote kwa heshima, au "Drodzy studenci" zikiwahutubia wanafunzi. Anayewania ufadhili ataziona sura hizo kabla hajaona nyingine yoyote.

Na hapo hapo ndipo pana dosari ya kwanza kubwa ya kozi. Sura hiyo ya wingi wa wanaume haiongezi tu herufi mwishoni. Inalainisha konsonanti iliyotangulia, na kila konsonanti ina njia yake. "Dobry" huwa "dobrzy", "młody" huwa "młodzi", "bogaty" huwa "bogaci", "mały" huwa "mali", "wysoki" huwa "wysocy", "drogi" huwa "drodzy", "duży" huwa "duzi", na "zmęczony", aliyechoka, hubadilisha hata irabu na kuwa "zmęczeni". Mambo hayo yote yalipewa kipindi kimoja cha mwisho wa juma, huku nusu ya darasa ikiwa imekwenda kwenye mechi uwanja wa Nangwanda Sijaona, na kitini kinayataja katika aya moja. Mswahili anayajua mabadiliko ya namna hii, kwa kuwa -refu huwa ndefu na -baya huwa mbaya mbele ya nyumba bila mtu kushangaa, na ningetarajia mwalimu aliyeanza vizuri vile arudi kwenye ubao uleule na kutumia silaha ileile. Hakurudi.

Dosari ya pili haimhusu mwalimu, lakini mwanafunzi ndiye anayeilipia. Kitini kilichapwa kwa mashine isiyokuwa na herufi zote za Kipolandi, kisha kikatolewa kopi juu ya kopi. Ł imekuwa l, ż imekuwa z, na hayo mtu anaweza kuyavumilia kwa kubahatisha. Lakini kijimkia kilicho chini ya ą kimefutika karibu kila ukurasa, na kijimkia hicho katika kivumishi cha kike ndicho uhusika wenyewe. "Nowa" ni kiima. "Nową" ni yambwa, na tena ni ya kifaa. Katika nakala yangu kivumishi cha mstari wa pili na cha mstari wa tano wa zoezi la samaki kilisomeka sawasawa na cha mstari wa kwanza, na mwanafunzi aliyekosa kipindi hawezi kujua kwamba kuna kitu hapo. Sauti zake zinatofautiana sana, kwa kuwa ą mwishoni mwa neno hutamkwa puani na kwa irabu iliyo karibu na o, si a, hivyo anayejifunza kwa kusoma nakala hii atatamka jambo ambalo Mpolandi atalisikia kama kiima. Nashauri kila anayejiunga asinunue kopi, bali aombe faili lenyewe kwa simu, kisha aweke kibodi ya Kipolandi, ambamo ukiibonyeza a na kuishikilia ą hujitokeza.

Ninarudi kwenye sifa kidogo, maana kuna kipindi kimoja ambacho peke yake kilistahili ada ya mwezi. Kilihusu sentensi za kusema fulani ni nani au yukoje. Kivumishi kikisimama peke yake baada ya kitenzi "być", yaani kuwa, hubaki katika kiima: "on jest dobry", yeye ni mwema. Kikisimama pamoja na nomino, vyote viwili huingia uhusika wa kifaa: "on jest dobrym nauczycielem", yeye ni mwalimu mzuri, "ona jest dobrą nauczycielką", kwa mwanamke. Tofauti hii hujitokeza katika sentensi ya kwanza kabisa ambayo mtu husema juu yake mwenyewe mbele ya wasaili, na mwalimu alimtaka kila mmoja wetu asimame na kujieleza kwa njia zote mbili, mara kwa kivumishi kitupu, mara kwa kivumishi chenye kazi yake. Muongoza watalii mmoja kutoka Mikindani, kijana mcheshi, alijisifu kwa vivumishi vingi hata mwalimu akamkatiza akimwambia, "Inatosha, mdogo wangu, ajira umepata."

Linalobaki ni hesabu, na hapa sina budi kusema wazi kwamba kozi haijakamilika. Idadi katika Kipolandi haiishii kwenye umoja na wingi. Mbili, tatu na nne huchukua kiima cha wingi, "trzy dobre orzechy", lakini kuanzia tano nomino pamoja na kivumishi chake huingia umilikishi wa wingi, "pięć dobrych orzechów", na kitenzi nacho hurudi umoja: njugu tatu "leżą" mezani, njugu tano "leży". Kumi na mbili hufuata tano. Ishirini na mbili hurudi kwa mbili, "dwadzieścia dwa dobre orzechy". Ishirini na moja, kinyume cha anavyodhani kila mgeni, hukaa na tano. Vipimo vyote navyo hudai umilikishi, kwa hiyo kilo ya korosho nzuri ni "kilogram dobrych orzechów nerkowca", na hakuna anayeweza kuuza hata kilo moja bila kuipita sura hiyo.

Katika mkoa unaoishi kwa korosho, ambapo mazungumzo ya biashara tangu shambani hadi mnadani ni ya kilo, magunia na daraja, kuacha kipengele hiki kwa ngazi ya pili ni kosa la mpangilio. Yule mama wa korosho alimaliza ngazi ya kwanza akiweza kusema kwamba bidhaa yake ni nzuri, kwamba hana mbaya, na kwamba yeye ni mfanyabiashara mwaminifu, vyote kwa miisho sahihi. Hakuweza kusema ana magunia mangapi. Nilipomuuliza mwalimu kuhusu jambo hili, alijibu kwamba hesabu huwakimbiza wanafunzi wapya. Huenda ni kweli kwa wale vijana wa ufadhili, wanaojua kwamba wakifanikiwa watafundishwa lugha upya huko huko. Kwa mfanyabiashara sikubaliani naye, kwa kuwa umilikishi wa wingi alikuwa ameshaufundisha, "dobrych" ilikuwa tayari ubaoni, na kilichobaki kilikuwa ni kuiwekea namba mbele.

Ada ni shilingi elfu hamsini kwa mwezi, kitini kikilipiwa mbali, na vipindi huanza baada ya magharibi, jambo linalowafaa walioajiriwa na wenye maduka. Chumba kina feni moja, nayo hailifikii benchi la nyuma. Kwa anayewania masomo Poland, ngazi ya kwanza kama ilivyo inatosha kumfikisha kwenye usaili akiwa na kivumishi kilichosimama sawa, mradi ajisomee mwenyewe ile sura ya "dobrzy" na "młodzi". Kwa anayekwenda kwa ajili ya biashara, ushauri wangu ni kwamba kabla ya kulipa amwombe mwalimu kipindi cha hesabu ndani ya ngazi ya kwanza, na wakiwa wanafunzi watatu au wanne wenye ombi hilo, nina hakika atakubali, kwa kuwa si mtu mgumu. Ngazi ya pili hufunguliwa wanafunzi wanapotosha, na ndiyo inayochukua pia vivumishi vya kulinganisha, kama "nowszy" na "najnowszy", ambavyo navyo hufuata miisho ileile kumi na moja.